Jua mwamba uliozaa udongo wa shamba lako

Sehemu kubwa ya udongo ni mwamba uliosagika. Jua, baridi, maji, mizizi na vijidudu huuvunja polepole kwa maelfu ya miaka, na madini yaliyokuwa ndani yake ndiyo rutuba ya kwanza ya shamba. Kabla ya kununua chokaa ya kupunguza tindikali ya udongo, au mbolea, tafuta jiwe.

Litafute mahali mwamba ulipojitokeza: kwenye korongo, kilima kilichokatwa kupisha barabara, au udongo uliotolewa kisimani. Livunje kwa nyundo, macho yakiwa yamekingwa, kisha uangalie uso mpya. Ganda la nje hudanganya, maana hewa na maji vimeshalibadili rangi.

Miamba hugawanywa katika makundi matatu kwa jinsi ilivyotokea: ya moto, mashapo na geuzi. Mgawanyo huo ni sahihi, ila kwa mkulima hautoshi. Cha muhimu zaidi ni madini yaliyomo.

Chukua miamba ya moto. Yote hutokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto la nyuzi 700 hadi 1,200 za Selsiasi. Ikipoa taratibu chini ya ardhi, chembe zake hukua hadi zikaonekana kwa macho. Ikipoa haraka juu ya ardhi, chembe huwa ndogo mno. Graniti na basalti zote ni za kundi hili, lakini udongo wake ni tofauti kabisa.

Graniti ina rangi hafifu, na ndani yake utaona madini ya kwatzi na feldispa, na vipande vya ulanga vinavyong'aa. Takribani asilimia 70 yake ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni unaounda kwatzi. Kwatzi haiozi kirahisi, hubaki kuwa mchanga. Kwa hiyo udongo wake mara nyingi ni wa kichanga, una tindikali, na mvua kubwa huchukua mbolea na kwenda nayo chini. Hapa usimwage mbolea ya naitrojeni yote kwa mara moja. Igawe mara mbili au tatu. Samadi, mboji na masalia ya mazao si hiari katika udongo huu, kwa sababu ndivyo vinavyoshika maji na virutubisho.

Basalti ni nyeusi, nzito, na silika yake ni karibu asilimia 50. Ina kalisi, magnesi na chuma kwa wingi, na ikioza hutoa udongo wa mfinyanzi. Penye mvua na mteremko unaopitisha maji, udongo huwa mwekundu na wenye kina. Chuma kilichomo hung'ang'ania fosforasi, hivyo weka mbolea ya kupandia kwenye shimo au mfereji, karibu na mbegu bila kuigusa, badala ya kuitawanya shamba zima. Bondeni, basalti hiyohiyo huweza kuzaa udongo mweusi unaotuamisha maji masika na kupasuka kiangazi; huko tengeneza matuta. Udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi na hutunza maji vizuri, ila nao hushika fosforasi kwa nguvu.

Mashapo ni mchanga, tope au makombe yaliyolundikana tabaka juu ya tabaka hadi yakashikamana. Jiwe la mchanga hutoa udongo maskini, na mara nyingi huwa maskini kuliko ule wa graniti. Jiwe la tope hutoa mfinyanzi mzito. Jiwe la chokaa lijue kwa kudondoshea siki: litatoa mapovu. Udongo wenye chokaa nyingi usiongezewe chokaa kamwe. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kukosa chuma. Yurea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, nayo ifukie, kwani ikiachwa juu hupotea hewani.

Miamba geuzi ni miamba ya zamani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka. Jiulize ilikuwa nini awali. Marumaru ilikuwa chokaa, kwatzaiti ilikuwa jiwe la mchanga, na naisi yenye mistari mara nyingi ilikuwa graniti.

Hapa naomba umakini. Marumaru na kwatzaiti zote huweza kuwa nyeupe, na anayesaga jiwe ili apunguze tindikali ya udongo asipotofautisha atapoteza nguvu zake bure. Kisu hukwaruza marumaru, lakini hakikwaruzi kwatzaiti. Unga wa kwatzaiti haupunguzi tindikali hata kidogo, na vumbi lake huharibu mapafu.

Jiwe la chini halisemi kitu ikiwa udongo uliletwa kutoka mbali. Ukikuta kokoto za mviringo za aina nyingi zimechanganyika, mto ndio ulioleta udongo huo. Vilevile, udongo wa kale ulionyeshewa kwa muda mrefu sana huwa umeshapoteza madini mengi ya mwamba wake.

Kiasi cha chokaa au mbolea kiamuliwe na maabara. Chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu nyingi, uuchanganye, na pale mwamba unapobadilika tenga sampuli yake peke yake. Ukichanganya udongo wa graniti na wa basalti katika mfuko mmoja, majibu hayatafaa upande wowote.