Kupima mvutano wa uso wa shaba iliyoyeyuka, na kuukokotoa kwa aloi ya shaba na bati

Njia inayofuatwa hapa ni ya tone tuli: metali huyeyushwa juu ya kibao bapa, tone hupigwa picha kutoka ubavuni, na umbo lake ndilo linalotoa thamani ya mvutano wa uso, yaani nguvu inayoukaza uso wa kimiminika.

Hatua ya 1. Safisha kipande cha shaba, kisha kipime uzito. Kiwe gramu 2 au zaidi, kwa sababu tone dogo hukaribia kuwa tufe, na tufe haliusemi mvutano.

Hatua ya 2. Kwa shaba napendelea kibao cha grafaiti, ambacho hakiloweshwi na shaba na hupunguza oksijeni. Usikitumie kwa chuma wala nikeli, maana huyeyusha kaboni. Kisawazishe kwa pimamaji.

Hatua ya 3. Ondoa oksijeni. Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, kwa kuwa oksijeni kidogo mno, isiyobadilisha hata rangi ya tone, hujikusanya usoni na kuushusha mvutano. Usiiamini agoni ya mtungi (gesi inayojazwa ndani ya tanuri badala ya hewa) hata ikiandikwa kuwa ni safi; ipitishe kwanza kwenye vipande vidogo vya metali ya titani vilivyopashwa moto, vinavyofyonza oksijeni, kisha weka kipande cha metali ya zirkoni, nayo hufyonza oksijeni, ndani ya tanuri, karibu na sampuli lakini pasipo kuigusa. Shikilia halijoto mahali pamoja na upige picha mfululizo: thamani ikiendelea kusogea, uso bado unabadilika, na wastani wa picha hizo hauna maana. Halafu pandisha halijoto. Mvutano wa shaba safi hupungua joto linapozidi. Ukiongezeka, oksijeni inauhama uso, nawe urudie usafishaji. Karibu na nyuzi 1085 za Selsiasi tarajia takribani 1.3 N/m (nyutoni kwa mita). Alumini ina shida yake, kwani utando wa oksidi hulishikilia tone hata lisitikisike meza ikigongwa. Ikamulie kupitia kitundu chembamba ili utando ubaki nyuma.

Hatua ya 4. Linganisha ukingo mzima wa tone na mlinganyo wa Young na Laplace, unaohusisha umbo la tone na mvutano wake na densiti ya metali, kwa programu ya kompyuta. Njia ya zamani, majedwali ya Bashforth na Adams ya 1883, hutegemea vipimo viwili tu vya tone. Kosa la asilimia 1 katika densiti huhamia lote kwenye jibu.

Hatua ya 5. Kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, tumia mlinganyo wa Butler wa 1932, unaokokotoa mvutano kwa kulinganisha mchanganyiko wa usoni na ule wa ndani: uandike mara moja kwa shaba na mara moja kwa bati, kisha utafute mchanganyiko wa usoni unaozipa pande zote mbili mvutano uleule. Nishati ya ziada ya usoni kwa kawaida huzidishwa kwa 0.83, kwa kuwa atomu za usoni zina majirani wachache. Bati, lenye mvutano mdogo, litaonekana kwa wingi usoni kuliko ndani. Mlinganyo huu wa metali mbili hauihesabu oksijeni, kwa hiyo kipimo kikiwa chini sana ya hesabu, rudi hatua ya 3 kabla ya kugusa vigezo vya modeli.