Jinsi ya kuposti bidhaa yako mpaka redio na magazeti wakutafute wenyewe

Ndugu zangu wajasiriamali, kitu ambacho mimi nilichelewa sana kukielewa ni kwamba mwandishi wa habari hatafuti bidhaa, anatafuta habari, sasa ukiposti pakiti na bei na "karibuni wateja" kwake hilo ni tangazo na matangazo yana dirisha lake la kulipia. Mimi nafungasha dagaa hapa Kirumba, Mwanza, mwaka mzima nilikuwa naposti pakiti tu, laiki za ndugu na majirani basi.

Kilichobadilisha mambo ni video ya sekunde 40. Nilichukua mabakuli mawili ya kioo, moja nikaweka dagaa walioanikwa chini mchangani, la pili dagaa wangu wa chanja, yaani wale wa kwenye wavu juu ya miti, nikamimina maji nikakoroga kwa mkono nikawatoa. Bakuli la kwanza mchanga umetulia chini kama sukari kwenye chai isiyokorogwa, la pili unaona mpaka kitako cha bakuli. Bei sikuitaja kabisa. Kila mtu aliyewahi kutafuna mchanga kwenye dagaa akawa na la kusema, wakatagiana, siku ya tatu prodyuza wa redio akaniandikia inboksi.

Kwa hiyo tafuta bakuli lako wewe. Unashona pochi za ngozi ya sangara? Onesha ngozi ikiwa bado na magamba na harufu yake, halafu onesha mtu anaipapasa ikiwa laini tayari.

Waandishi sasa. Sisi wa Mwanza tuna bahati, Radio Free Africa na Star TV wako hapahapa, na magazeti ya Dar yana waandishi wake huku Kanda ya Ziwa. Wengi utawapata X, Instagram na Facebook kwa majina yao. Wafuate mwezi mzima kabla hujaomba chochote, soma wanachoandika, huyu ni wa uvuvi, yule wa biashara, wa siasa tupu muache apumzike. Halafu changia chini ya posti zao kitu unachokijua kweli, mfano ameandika dagaa wamepanda bei, mwambie ni mbalamwezi hiyo, mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi inabaki mwaloni, yaani pale inapoegeshwa ufukweni, mpaka giza lirudi ndo bei inatulia. Hapo ameshakujua kama mtu wa kuulizwa, na hii kwangu ndo kazi kubwa kuliko zote, wengi wanairuka.

Ukimuandikia andika kifupi. Mimi niliandika hivi: "Habari za kazi kaka. Naanika dagaa kwa chanja hapa Kirumba. Wiki hii ni mbalamwezi, akina mama wanaoanika hawana kazi. Ukipenda kuona nipo kesho saa 1 asubuhi na wenzangu wawili wako tayari kuongea. Namba yangu ni hii." Basi. Usimuandikie "mkuu naomba nipromoti".

Picha za gazeti tuma WhatsApp kama dokyumenti zisipungue ubora, video ya TV laza simu, sauti ya redio rekodi ndani maana upepo wa ziwa unaharibu kila kitu.

Na simu iwe na chaji jamani. Mara ya kwanza nilipigiwa saa 9 mchana nikiwa mwaloni simu imezima, nawasha jioni nakuta missed call tano, kipindi kilishapata mtu mwingine. Iliniuma sana, tangu siku hiyo natembea na pawa benki. Namba iwe kwenye bio pia, siyo lazima mtu aombe.

Kuna mmoja aliniambia nitoe hela ndo habari itoke. Nilikataa na wewe kataa, kama ni kulipa lipia tangazo upewe risiti.

Kabla hujaita mtu hakikisha alama ya TBS, yaani ya Shirika la Viwango, ipo na mzigo upo, maana ukisikika asubuhi mchana watu wanapiga, ukiwaambia mzigo umeisha hawarudi. Kipindi kikitoka kata klipu fupi, posti, mtagi mwandishi umshukuru kwa jina, na mwandishi wa sehemu nyingine akiiona ndo anakutafuta na yeye.

Nanenane, yale maonesho ya wakulima, usisubiri tarehe 8 mwezi wa 8, pale uwanja wa Nyamhongolo waandishi wanazungushwa kwenye mabanda mpaka wanachoka na kila mtu anawavuta. Anza kuposti katikati ya mwezi wa 7, onesha unavyojiandaa, chanja mpya, dagaa wanapimwa, pakiti zinabandikwa lebo, ili siku wanaingia uwanjani wawe wanajua banda lako wanalifuata kwa ajili gani.