Jinsi ya Kusoma Nguzo ya Umeme na Taa ya Barabarani Ujue Ni za Nani

Juzi nilimsaidia mama mmoja mwenye duka la nafaka hapa Busia, upande wa Uganda, ambaye nguzo iliyo mbele ya kibaraza chake ilikuwa imeanza kuinama. Kabla ya kuripoti ilitubidi tujue msimamizi wake ni nani, kwa kuwa nguzo moja inaweza kubeba nyaya za shirika la umeme, taa ya baraza la mji na kebo ya intaneti ya kampuni nyingine kabisa. Utaratibu tulioufuata ndio huu. Unafaa popote nchini, ila mifano yangu mingi ni ya mpakani, kwa sababu hapa ukishavuka geti unauacha mtandao wa UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme Uganda, na kuingia katika ule wa Kenya Power kwa mwendo wa dakika chache tu.

Hatua ya kwanza: maandalizi

Nenda mchana, ukiwa na daftari, penseli na darubini ndogo. Kukuza picha kwa simu sikushauri, kwa sababu vikombe vya juu, vile vinavyoshikilia nyaya zisiguse nguzo, hugeuka chenga na utahesabu vibaya. Usiguse nguzo wala stei yake, yaani waya unaoishikilia kutoka ardhini, na usiegemeze ngazi. Ukikuta waya umelala chini, acha uchunguzi, kaa mbali, zuia watoto na upige simu ya dharura.

Hatua ya pili: anza juu, si chini

Tazama kilichofungwa kileleni. Nyaya tatu zilizolala sambamba juu ya mkono wa msalaba, zikiwa zimekaa juu ya vikombe vya kauri, ni za msongo wa kati, yaani kilovolti 11 au 33. Mahali laini inapokata kona au kuishia, vikombe huwa ni visahani vilivyopangwa mfululizo: kwa kawaida viwili kwa kilovolti 11 na vitatu kwa kilovolti 33. Hesabu hiyo haikusaidii penye vikombe vipya vya plastiki ngumu, ambavyo ni kipande kimoja chenye mapindo mengi. Hapo linganisha urefu tu.

Chini ya hizo, au kwenye nguzo fupi zaidi, utaona nyaya za kwenda majumbani, ama nne tupu zilizopangwa kwenda chini, ama kebo nyeusi zilizosokotwa pamoja. Zikiwa tupu, zihesabu kwa makini. Nne ni awamu tatu, yaani nyaya zinazoleta umeme, na nyutro, waya wa kurudishia. Ikiwapo ya tano, mara nyingi hiyo ndiyo inayowasha taa za barabarani, na utaihitaji katika hatua ya tano.

Usitafute tofauti ya makampuni katika volti. Uganda na Kenya zote hutumia volti 240 na 415, Tanzania 230 na 400, na zote mzunguko wa hezi 50. Uhandisi wao una asili moja ya Kiingereza, ingawa mashirika yalitengana tangu zamani: Uganda ilikuwa na UEB, yaani Bodi ya Umeme ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1948, na Kenya ilikuwa na kampuni ya East African Power and Lighting iliyoanza mwaka 1922.

Hatua ya tatu: nguzo imetengenezwa kwa nini

Nguzo nyingi za Uganda ni za mkaratusi uliotiwa dawa. Yenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia imetiwa chumvi za shaba. Iliyo nyeusi na inayotoa harufu ya lami jua likiwaka imetiwa kreosoti. Ukivuka kuingia Kenya utakutana pia na nguzo za zege katika njia kuu. Hata hivyo zege si ushahidi wa umiliki, kwa kuwa kampuni yoyote inaweza kuisimamisha penye kinamasi au mchwa.

Hatua ya nne: chapa na namba

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Nguzo ya mbao huwa na chapa iliyochomwa au kibati kilichopigiliwa msumari, chenye herufi za kampuni, mwaka, urefu na daraja la unene. Msomaji huona zile herufi, akadhani amempata mwenyewe, akaenda kwenye ofisi hiyo. Herufi zile kwa kawaida ni za aliyeitia nguzo dawa, si za anayeihudumia, na mwaka ni wa kutiwa dawa, si wa kusimamishwa. UEDCL yenyewe ina kiwanda cha kutia nguzo dawa Lugogo, Kampala, kwa hiyo hata jina lake likiwa kwenye chapa usilichukue kuwa jibu kamili.

Namba iliyopakwa rangi au kubandikwa juu zaidi kuliko chapa ndiyo ya mtandao, nayo ina tabaka zake. UEB ilivunjwa mwaka 2001 na mali za usambazaji zikaenda UEDCL. Umeme Limited, kampuni binafsi, ilizikodi kuanzia mwaka 2005 hadi tarehe 31 Machi 2025, na siku iliyofuata UEDCL ikachukua uendeshaji. Basi namba za enzi ya Umeme bado zipo kwenye nguzo, na hazikufa kwa sababu mwendeshaji amebadilika. Ziandike kama zilivyo. Wilaya za pembezoni zilikuwa na waendeshaji wao pia: WENRECo huko West Nile, Kilembe Investments Kasese, chama cha ushirika Bundibugyo na kingine Pader na Abim. Ukiwa maeneo hayo, usishangae kukuta namba za mtindo tofauti kwenye laini inayofanana kwa kila kitu na ya jirani.

Namba ikiwa imefutika, usikisie. Fuata nyaya za chini kwa miguu, nguzo kwa nguzo, hadi kwenye transfoma, ambayo mara nyingi huwa kwenye jukwaa kati ya nguzo mbili. Namba ya transfoma ina thamani kuliko namba ya nguzo kumi, kwa sababu fundi wa zamu huijua laini kwa transfoma yake. Ukifika kwenye njia panda ya nyaya na huoni ni ipi inayoleta umeme, uliza wenye maduka ni yapi hukatika pamoja. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa, naye huwa anajua.

Chapa ina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Nguzo nyingi huchapwa mita 3 kutoka kitakoni, yaani ncha yake ya chini. Kanuni ya kuchimbia ni sehemu ya kumi ya urefu ukiongeza sentimita 60, kwa hiyo nguzo ya mita 10 huzama mita 1.6 na chapa yake hubaki kama mita 1.4 juu ya ardhi, usawa wa kifua. Ile ya mbele ya duka chapa yake ilikuwa juu ya kichwa cha yule mama. Mtaro wa maji ulichimbwa kando yake, udongo ukaondoka, na nguzo ikabaki imeshikwa na kina pungufu. Taarifa ya namna hiyo ina uzito kuliko kusema tu kwamba nguzo imeinama.

Hatua ya tano: taa

Uganda, taa ya barabarani kwa kawaida ni ya baraza la mji au jiji. Kampala ni ya KCCA, mamlaka ya jiji hilo. Ikisimama kwenye mlingoti wake wa chuma wenye paneli juu, haihusiani na shirika la umeme hata kidogo. Barabara nyingi zilizojengwa chini ya USMID, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, kwa fedha za Benki ya Dunia, katika miji kama Tororo, Mbale na Mbarara, zina taa za namna hiyo. Taa iliyofungwa kwa mkono wa chuma kwenye nguzo ya mbao ndiyo hutatanisha: nguzo ni ya shirika, taa ni ya baraza. Kama taa zote za mtaa zimezimika na nyumba zina umeme, shuku ule waya wa tano, swichi yake au jicho la mwanga, yaani kifaa kinachoziwasha giza likiingia. Kama ni moja tu, ni balbu au fyuzi yake.

Upande wa Kenya taa nyingi hupanda kwenye nguzo za Kenya Power, na ile milingoti mirefu ya mulika mwizi, yenye taa kubwa zinazomulika eneo zima, husimama peke yake.

Hatua ya sita: ripoti

Andika namba ya transfoma, namba ya nguzo, idadi ya nyaya, urefu wa chapa kutoka ardhini na alama ya karibu inayojulikana. Picha ya simu hapa inafaa, ya nguzo nzima. Omba namba ya malalamiko uiandike kwenye ukurasa uleule.