Somo: Mtunge Mama Tatu kabla hujagusa kibodi

Wakuu, somo la leo ni “persona”: mtu wa kutunga, mwenye jina na lengo, anayesimama badala ya watumiaji wa programu unayotaka kutengeneza. Mfano wetu ni programu ya simu ya kutunza madeni ya wauza samaki wa soko la Feri, pale Kivukoni, Dar es Salaam.

Hatua ya 1. Nenda Feri asubuhi, mnada ukipamba moto. Ongea na watu watano au sita. Usiwaulize wanataka programu iwe na nini; watakutajia chochote ili uwapishe. Omba kuona daftari, kisha usimuliwe deni la mwisho lililozua ugomvi.

Hatua ya 2. Andika yanayojirudia: mikono yenye maji na magamba, bando la siku, wadaiwa walioandikwa “Baba Asha Tandika” au “yule wa bajaji”.

Hatua ya 3. Sasa tunga mtu mmoja. Alan Cooper, Mmarekani aliyeieneza mbinu hii kwa kitabu chake cha mwaka 1999, alilalamika kwamba neno “mtumiaji” huvutwa kama mpira: tukitaka, mtumiaji ni mtaalamu; tukitaka tena, hajui hata kuwasha simu. Mwenye jina havutiki hivyo. Wetu ni Mama Tatu, miaka 46, wa Mbagala, simu yake kioo kimepasuka. Anataka kufika nyumbani akijua nani anadaiwa nini, bila kugombana na mteja. Uzito wote uko kwenye sentensi hiyo. Rangi aipendayo na picha ya kupakua ni mapambo tu.

Hatua ya 4. Mtumie Mama Tatu kukata yasiyohitajika kwenye programu. Chati za mauzo? Hazimhusu. Kulazimisha namba ya simu ya mdaiwa? Ondoa, jina la utani linatosha. Vitufe viwe vikubwa, kidole gumba kilicholowa kivipate.

MASWALI

– Mkuu, si nimtumie mama yangu tu? Naye anauza samaki.
Msikilize, ila utaona haya kumkatalia. Mama Tatu hanuni.

– Na wanunuzi wa hoteli je?
Watungie mtu wao na skrini yao. Ukiwachanganya, wote wawili watakukimbia.

– Nipo Gongo la Mboto, nauli ya Feri kila siku sina. Nitunge kichwani?
Tunga, lakini andika juu yake “dhana”. Halafu kaka, hapo mtaani kwako hakuna genge linalokopesha?

– Naomba namba ya Mama Tatu, nina pweza wa jumla.
Rudi hatua ya 3, mkuu.