Amri ya mtandao ikienda kinyume na maelezo yake, ipime hivi

Umeandika `ping -c 1 -W 2` (`ping` ni amri inayotuma pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kwa mashine nyingine na kungoja jibu; `-c` ni idadi ya pakiti). Maelezo uliyosoma yanasema amri itasubiri jibu kwa sekunde mbili, lakini inakata kabla hujapepesa jicho na kukuambia seva haipatikani. Mimi jambo hilo lilinipotezea jioni nzima nikikagua ukuta wa moto (firewall, kichujio cha pakiti) wa seva ambayo haikuwa na tatizo lolote. Tangu hapo nafuata hatua hizi, na siruki hata moja.

Hatua ya 1: Jua ni programu ipi inayokujibu

Mfano ni `nc` (netcat), amri ya kufungua na kujaribu miunganisho ya mtandao:

```
type -a nc
readlink -f "$(command -v nc)"
```

Kwenye Debian (aina mojawapo ya Linux), njia hiyo huishia ama `nc.openbsd` au `nc.traditional`. Hizo ni programu mbili zinazotumia jina moja. Ya pili hutaka `nc -l -p 8080`, ya kwanza hutosheka na `nc -l 8080`. Swichi (chaguo la amri) ya `-e` ya kuendeshea programu nyingine haimo kwenye ile ya OpenBSD, kwa hiyo ukinakili amri yenye swichi hiyo itakataa tu.

Hatua ya 2: Soma maelezo yaliyokuja na programu hiyo hiyo

Fungua `man ping` (ukurasa wa maelezo ya amri) kwenye mashine yenye tatizo, si kwenye kivinjari. Kwenye Linux, `-W` huhesabu sekunde. Kwenye macOS na FreeBSD huhesabu milisekunde. Ndiyo iliyonipata mimi: skripti ya Linux niliipeleka kwenye Mac, ikawa inasubiri milisekunde 2. Swichi ya `-t` nayo ina maana tatu: idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita (Linux), sekunde za kuendesha amri nzima (macOS), au kutuma bila kikomo (Windows).

Hatua ya 3: Pima kwa saa

Tumia anwani 192.0.2.1. Iko kwenye fungu lililotengwa kwa mifano ya maandishi tu na RFC 5737 (hati ya kanuni za intaneti) ya mwaka 2010, kwa hiyo haitarajiwi kuwa na mashine ya kukujibu.

```
time ping -c 3 -W 2 192.0.2.1
```

Pakiti tatu mara sekunde mbili, utasema sita. Kwenye Linux utapata takribani nne. Pakiti hutoka kila baada ya sekunde moja bila kungoja jibu la iliyotangulia, na zile sekunde mbili huanza kuhesabiwa baada ya pakiti ya mwisho kutoka. Tazama pia mstari wa muhtasari: utaandika muda wa kama 2000ms, kwa sababu hauhesabu ule usubiri wa mwishoni.

Jingine ambalo wengi hulipita: jibu hata moja likirudi, `-W` haitumiki tena, na `ping` husubiri mara mbili tu ya muda wa safari ya kwenda na kurudi. Ukitaka kikomo cha kweli kwenye Linux, tumia `-w` yenye herufi ndogo. (Ukiona ujumbe kwamba anwani haifikiki, ruta imejibu na kipimo kimeharibika, tafuta anwani nyingine iliyo kimya.)

Hatua ya 4: Angalia kinachopita kwenye waya

Fungua terminali ya pili uendeshe `tcpdump`, programu inayoonyesha pakiti zinazopita (ICMP ni aina ya pakiti ambazo `ping` hutumia; UDP ni njia ya kutuma data bila kungoja uthibitisho):

```
sudo tcpdump -n 'icmp or udp port 5000'
```

Kisha jaribu `nc -zuv` kwenye poti hiyo ya UDP, kuelekea mashine ambayo ukuta wake wa moto hutupa pakiti kimyakimya. `nc` itatangaza imefaulu, huku `tcpdump` ikionyesha pakiti zinakwenda na hakuna kinachorudi. Kwa UDP, `nc` huchukulia ukimya kuwa ridhaa. Mimi hapo huamini `tcpdump`.

Hatua ya 5: Amua kosa ni la nani, kisha ripoti

Kama ulisoma maelezo ya programu nyingine, rekebisha skripti yako. Kama maelezo ni sahihi ila yana utata, watumie watunzaji sentensi iliyo wazi zaidi. Ni msaada mkubwa kuliko tunavyodhani. Yakipingana kabisa na vipimo vyako, tuma toleo la programu (`ping -V` kwenye Linux), mfumo wa uendeshaji, amri nzima, ulichopata, na sentensi ya maelezo unayoipinga, neno kwa neno.

Na ndani ya skripti, juu ya mstari wa `ping`, andika maoni: `# -W ni sekunde, Linux pekee`.