Kujitahini bila kukaririsha kosa: somo kwa hatua

Kurudia daftari mara nne usiku mmoja kunamfanya mtu ajione ameiva. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likakiandika mara tatu kwa kukumbuka tu. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma waliongoza, 83% kwa 71%. Wiki moja baadaye kibao kiligeuka: wasomaji 40%, waliojitahini 61%.

Mwaka 2008 wawili hao walitumia jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, lugha yetu ikiwa ngeni kwa wanafunzi wale. Walioendelea kujipima hata kwa maneno waliyokwisha kuyapata walikumbuka takriban 80% baada ya wiki. Walioacha kujipima kwa maneno hayo, hata wale walioendelea kuyasoma, walibaki na kama theluthi moja tu. (Kwa hiyo akina "mashua" wametoa mchango mkubwa kwenye sayansi hii.)

Tatizo ni kwamba kujitahini hakuchagui: kunaimarisha unachokitoa kichwani, kiwe sahihi au kibovu. Ndiyo sababu hatua ya 3 na ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1. Tengeneza kadi. Soma kurasa mbili mara moja kwa makini. Kata karatasi ya A4 vipande nane. Kila kipande swali moja lenye jibu moja fupi, jibu nyuma. "Eleza Vita vya Majimaji" haifai kuwa kadi. "Majimaji vilianza mwaka gani?" inafaa.

Hatua ya 2. Funga kitabu, andika jibu. Usijibu kimoyomoyo, maana ukigeuza kadi utajipa maksi za bure. Kando ya kila jibu weka H kama una hakika, B kama umebahatisha.

Hatua ya 3. Sahihisha palepale. Alama ya kosa peke yake haitoshi. Andika jibu sahihi kwa ukamilifu, na neno moja au mawili kuhusu kilichokupotosha. Anza na makosa yenye H: yakiachwa ndiyo yatakayokwenda nawe chumba cha mtihani, lakini yakisahihishwa huwa rahisi kurekebika kuliko yale ya kubahatisha, kwa sababu mshtuko wa kukosea jambo ulilolijua unakufanya uwe makini zaidi na jibu.

Maswali ya kuchagua yana hatari yake. Yenye machaguo manne yanakusomesha majibu matatu ya uongo yaliyotungwa yafanane na kweli. Roediger na Elizabeth Marsh walionyesha mwaka 2005 kwamba baadhi ya machaguo hayo hurudi baadaye kama majibu kwenye mtihani wa kuandika. Kupewa jibu sahihi baada ya jaribio hupunguza sana madhara hayo. Usifanye jaribio la kuchagua kama huna majibu yake karibu.

Hatua ya 4. Tenganisha yanayofanana. Msomee mwenzako taratibu: kitanda, shuka, mto, godoro, ndoto, usiku, miayo, kukoroma, chandarua, uchovu, kuamka, kusinzia. Mwambie aandike anayoyakumbuka, kisha tazama kama ameandika "usingizi". Neno hilo halimo. Roediger na Kathleen McDermott walipofanya jaribio la namna hii mwaka 1995, neno lisilokuwepo liliandikwa kwa 40% katika jaribio la kwanza na 55% katika la pili. Tena orodha ambazo watu walitakiwa kuzikumbuka kwanza ndizo zilizowafanya baadaye waseme zaidi kwamba neno la uongo lilikuwemo.

Darasani inakuwa hivi: mwanafunzi anaandika kwamba Mkwawa alinyongwa na Wajerumani. Hakuna kitabu kilichomwambia hivyo. Amechukua kifo cha Abushiri akakiweka kwa Mkwawa. Dawa ni jedwali la tofauti, si kusoma tena sura nzima:

- Abushiri: pwani, 1888–1889, alinyongwa Pangani.
- Mkwawa: Uhehe, 1891–1898, alijipiga risasi.
- Kinjikitile: Majimaji (1905–1907), alinyongwa 1905, vita vikiwa vimeanza tu.

Kisha tengeneza kadi zinazouliza tofauti: "Nani kati yao hakunyongwa?"

Hatua ya 5. Panga marudio. Leo, keshokutwa, baada ya wiki, baada ya wiki mbili. Usiitoe kadi mpaka uipate siku tatu tofauti.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina mitihani iliyopita ya miaka kumi, sehemu A yote ni ya kuchagua. Niiache?*
Usiiache. Funika machaguo kwa karatasi, andika jibu lako, ndipo ufunue. Hapo unajitahini kweli, na machaguo ya uongo yanakukuta tayari una jibu.

*Tunasoma kikundi cha watu sita. Kuna ubaya?*
Ubaya upo pale mmoja mwenye kujiamini anapotaja kosa la kwanza. Wengine hulichukua, na baadaye huapa walilisoma wenyewe. Kila mtu aandike peke yake kwanza, kisha mlinganishe na kitabu, si na msemaji.

*Mwalimu, haya yanahusu mashahidi wa ajali pia?*
Ndiyo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali. Wiki moja baadaye, 32% ya walioulizwa kuhusu magari "kupondana" walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 14% ya walioulizwa kuhusu "kugongana". Vioo havikuwepo. Utafiti wa 2009 uliongeza jambo la ajabu: watu waliojaribiwa mara baada ya kutazama filamu, kisha wakapewa maelezo yenye makosa, walimeza makosa hayo zaidi. Kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba unachosoma mara tu baada ya kujitahini kinaingia kwa nguvu, hivyo kiwe kitabu cha kuaminika, si desa la kuokota.

*Kama sijui kabisa, nibahatishe au niache wazi?*
Bahatisha kama jibu sahihi liko mezani na utaligeuza sasa hivi. Kujaribu na kukosa kabla ya kuliona husaidia lishike. Kama jibu utalipata kesho, acha wazi.