Namna ya kulalamikia ubaguzi wa polisi kijijini Pemba

Mtu anaposimamishwa na askari kila mara kwa sababu ya rangi, asili au lafudhi yake, tukio moja pekee ni gumu kulithibitisha, kwa kuwa askari ana mamlaka ya kumhoji anayemshuku. Ubaguzi hudhihirika matukio yanapolinganishwa: nani alisimamishwa, na nani aliyekuwa naye akaachiwa apite.

Kwa hiyo, anza na daftari. Siku ile ile, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na maneno ya majirani, andika tarehe, saa, mahali, namba ya askari ikiwa inaonekana, maneno aliyoyatamka, sababu aliyoitoa na watu waliokuwapo. Katika msimu wa karafuu, ukaguzi wa barabarani unaolenga magendo ni halali. Lakini iwapo kibarua aliyetoka bara anashushwa garini na kupekuliwa, ilhali abiria wenzake wenye mizigo ya namna hiyo hiyo hawaguswi, tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa kwa ukamilifu. Askari aulizwe kwa adabu, wala asizuiwe kufanya kazi yake, hata anapokosea.

Kisha nendeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia (eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar), watu wawili au watatu pamoja, kwani katika shehia ndogo mlalamikaji wa peke yake hutambulika upesi na huweza kuandamwa. Ikiwa sheha mwenyewe ndiye aliyewataja wageni kuwa washukiwa, jambo ambalo naliona zito kuliko kosa la askari aliyetumwa, barua ya malalamiko ipelekwe kwa mkuu wa kituo cha polisi, na asipojibu, kwa mkuu wa polisi wa wilaya au kamanda wa mkoa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Barua itaje Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 na Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, kwa kuwa vyote vinakataza ubaguzi na polisi ni jambo la Muungano. Malalamiko yanaweza pia kufikishwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na msaada wa kisheria kuombwa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi Chake Chake.

Aliyepigwa asisubiri barua: atibiwe kwanza, aombe PF3, yaani fomu ya polisi ya kujazwa na daktari kuhusu majeraha, ikibidi katika kituo kingine cha polisi, na majeraha yapigwe picha kabla hayajapona.